Tupeane uzoefu: padi ya Xbox na PlayStation isiyo na waya kwenye kompyuta

Mwanzisha uzi

Wakuu, swali la "nimenunua padi, laptopu haiioni" limejirudia mno, basi tulikusanye hapa. Ukichangia, taja modeli ya padi, njia unayotumia (Bluetooth, risiva yaani kile kipokezi cha USB, au waya), mfumo wa kompyuta, kilichogoma na dawa yake. Hadithi za ulivyofungwa na shemeji bao tano ziwe na uzi wake.

Mtaalamu wa X

Naanza na Xbox, maana huko watu wanapigwa sana. Padi zote za Xbox One zinafanana kwa mbali, lakini si zote zina Bluetooth. Tazama plastiki inayozunguka kile kitufe cha nembo katikati. Ikiwa ni ya kung'aa na imeungana na kipande cha juu chenye vitufe vya LB na RB, hiyo ni modeli ya zamani (1537 ya 2013 au 1697 ya 2015) na haina Bluetooth kabisa. Utatafuta mpaka kesho. Ikiwa kitufe kimekaa ndani ya uso wa padi wenyewe, plastiki ileile ya mbele, hiyo ni 1708 (2016) au 1914 (2020, yenye kitufe cha Share na tundu la USB-C), na hizo Bluetooth zinayo. Namba ya modeli imeandikwa ndani, ukitoa betri.

Kuunganisha 1708 au 1914: iwashe, kisha shikilia kile kitufe kidogo cha juu, karibu na tundu la waya, kama sekunde 3 mpaka taa ya nembo ipepese haraka. Kwenye Windows ingia Settings, Bluetooth & devices, Add device. Ikishaunganika, pakua Xbox Accessories kutoka Microsoft Store, chomeka waya na usasishe programu ya ndani ya padi. Malalamiko mengi ya padi kukatika kila baada ya dakika kadhaa huishia hapo.

Mwenye 1537 au 1697 ana njia mbili: waya wa micro-USB, au risiva ya Microsoft inayoitwa Xbox Wireless Adapter. Risiva hiyo inabeba padi hadi 8, na sauti ya hedfoni iliyochomekwa kwenye padi inapita. Kwa Bluetooth sauti hiyo haipiti, hata padi iwe mpya namna gani. Microsoft wenyewe wanashauri padi moja tu kwa Bluetooth, kwa hiyo mnaocheza wawili fikirieni risiva.

Fundi Pembeni

Nakazia suala la waya. Kebo nyingi tunazouziwa za kuchajia simu zina nyaya mbili tu ndani, za umeme. Data inahitaji nne. Padi inawaka taa ya chaji, kompyuta iko kimya, mtu anasema padi mbovu. Jaribu kebo hiyohiyo kuhamisha picha kutoka kwenye simu. Isipohamisha, itupe kwenye droo ya chaja.

Duara Pembetatu

PS4 (DualShock 4). Padi iwe imezimwa na isiwe na waya. Shikilia SHARE na PS kwa pamoja mpaka mwanga wa nyuma upepese mara mbilimbili kwa haraka. Kwenye orodha ya Windows itatokea kwa jina "Wireless Controller". Ya PS5 ni CREATE na PS. Mwanga ukipepesa polepole, umebonyeza PS peke yake na padi inaitafuta koni yake ya zamani (mashine ya PlayStation yenyewe). Achia, anza upya.

Ya PS4 ikigoma kabisa, igeuze: nyuma, karibu na kitufe cha L2, kuna kitundu kidogo. Ingiza pini, bonyeza sekunde 5, kisha rudia. Windows 11 ina kitu kingine: kwenye Bluetooth & devices, Devices, kuna "Bluetooth devices discovery". Ikiwa kwenye Default, baadhi ya vifaa havionyeshwi. Weka Advanced.

Jingine la kujua: padi ya PS4 inakumbuka mwenyeji mmoja tu, koni au kompyuta. Ukiirudisha kwenye koni kwa waya, imeshaisahau laptopu. Ukiileta tena kwenye laptopu, futa jina lake la zamani (Remove device) kabla ya kuunganisha upya, la sivyo itaandika "Paired" na haitacheza chochote.

Mgeni wa Windows

Yangu ndiyo hiyo: imeunganika, joy.cpl (dirisha la Windows la kujaribu padi) inaonyesha vitufe vyote vinafanya kazi, lakini gemu haioni kitu. Kwa nini?

Duara Pembetatu

Kwa sababu gemu nyingi za kompyuta zinaelewa XInput tu, lugha ya padi za Xbox. Padi ya Sony inaongea DirectInput. Windows inaiona, gemu haiielewi. Kuna njia mbili za kutafsiri.

Ya kwanza ni Steam, ile programu ya duka la gemu. Settings, Controller, washa msaada wa padi za PlayStation. Gemu isiyo ya Steam iongeze kwa "Add a Non-Steam Game" na uifungulie humo. Gemu zilizopakuliwa Microsoft Store mara nyingi hazikubali njia hii.

Ya pili ni programu ya DS4Windows pamoja na draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya ViGEmBus. Hiyo inaunda padi bandia ya Xbox 360, na gemu inadhani ndiyo iliyochomekwa. Inataka pia .NET Desktop Runtime, programu saidizi ya Microsoft. Soma ni toleo gani linalohitajika, kisha chagua x64 (ya Windows ya biti 64).

Usiwashe zote mbili. Steam ikitafsiri na DS4Windows ikitafsiri, ukibonyeza mara moja gemu inapokea mbili: menyu inaruka hatua, mchezaji anapiga pasi kisha anapiga tena hewani.

Mtaalamu wa X

Hata ukizima Steam Input (ile tafsiri ya Steam), mibonyezo miwili inaweza kubaki, kwa sababu gemu inaona padi halisi na ile bandia kwa wakati mmoja. Dawa ni HidHide, programu ya kuificha padi halisi. Isakinishe, washa kompyuta upya, fungua HidHide Configuration Client. Kwenye Applications ongeza DS4Windows.exe, kwenye Devices weka tiki kwa padi halisi, halafu washa "Enable device hiding". Zima padi na uiwashe tena. Mpangilio ni muhimu: ukificha padi kabla ya kuiruhusu DS4Windows, hata DS4Windows yenyewe haitaiona, na utadhani umeharibu kitu.

Mzee wa PES

Vijana, kwa sisi wa laptopu za zamani na gemu la mpira la PES 2013, hayo yote ya nini? Kwenye folda ya gemu kuna settings.exe. Fungua sehemu ya padi, chagua padi yako, panga vitufe kimoja kimoja. DirectInput inatosha.

Duara Pembetatu

Kweli mzee, kwa gemu za umri huo. Jaribu hivyo na eFootball uone.

Antena

Mimi nitasema kuhusu hewa. Bluetooth, Wi-Fi ya 2.4 GHz, risiva nyingi za padi na mausi zisizo na waya, vyote vinagombania mawimbi yaleyale. Tena tundu la USB 3.0 lenyewe, hasa likiwa na diski ya nje inayofanya kazi, linatoa kelele katika masafa hayohayo. Intel waliandika waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012. Ukichomeka risiva pembeni ya flashi au diski ya USB 3.0, padi inachelewa, inakatika, au fimbo ya padi inabaki imeelekea upande mmoja sekunde nzima.

Fanya hivi: hamishia risiva kwenye tundu la USB 2.0 (mara nyingi ni jeusi, si la bluu), au tumia kebo ya kurefushia ya mita moja, risiva ikae juu ya meza mahali inapoonana na padi. Desktopu zenye risiva nyuma ya sanduku la chuma, mbele kumekaa watu, ndizo zinazoongoza kwa lawama. Ruta yako ikiwa na 5 GHz, peleka laptopu huko. Hedfoni za Bluetooth na padi ya Bluetooth kwa pamoja kwenye laptopu moja ni kuomba ucheleweshaji. Tumia hedfoni za waya.

Desktopu yenye kadi ya Wi-Fi na Bluetooth: hakikisha zile antena mbili zimefungwa nyuma. Bila hizo, Bluetooth inafika nusu mita.

Kisha, Device Manager, fungua sifa za kifaa cha Bluetooth, Power Management, toa tiki ya kuruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme. Kifaa kisipokuwa na ukurasa huo, tafuta USB Root Hub.

Fundi Pembeni

Na vile vifaa vidogo vya Bluetooth vya USB vilivyoandikwa "CSR 4.0", vingi ni nakala. Windows inatoa Code 10 (kifaa kimeshindwa kuanza) au padi inaunganika na kukatika palepale. Vyenye chipu ya Realtek RTL8761B, vinavyouzwa kama Bluetooth 5.0, vina nafuu.

Pete ya Kijani

Mmesahau Xbox 360, na ndizo zimejaa mitumba. Padi ya 360 isiyo na waya haina Bluetooth, na ile kebo yake ya Play and Charge inapeleka chaji tu, haipeleki data. Bila risiva ya 360 hakuna kitu. Risiva moja inabeba padi 4.

Risiva za nakala Windows haizitambui yenyewe. Device Manager, "Unknown device", Update driver, Browse my computer, Let me pick from a list, chagua Xbox 360 Peripherals, kisha Xbox 360 Wireless Receiver for Windows. Itatoa onyo, kubali. Halafu bonyeza kitufe cha risiva mpaka taa ipepese, washa padi, bonyeza kitufe kidogo cha mbele kati ya LB na RB. Pete ikizunguka bila kutulia, haijashika. Robo moja ikibaki inawaka, tayari, na robo hiyo ndiyo namba yako ya mchezaji.

Mgeni wa Windows

Na ya PS3?

Duara Pembetatu

Inataka draiva za pembeni: DsHidMini, na BthPS3 kwa Bluetooth. Lazima uichomeke kwanza kwa mini-USB ili kompyuta iiandikie anwani yake ya Bluetooth. Kubonyeza vitufe hakuiunganishi kama ya PS4. Zile feki zinagoma sana kwenye hatua hii.

Pengwini

Linux kwa ufupi. Risiva ya 360 na padi za Xbox za waya: draiva ya xpad, imo tayari kwenye kerneli (kiini cha Linux). Xbox kwa Bluetooth: sakinisha xpadneo. Xbox Wireless Adapter: xone, pamoja na fimuwea (programu ya ndani) yake. PS5 inafanya kazi kuanzia kerneli 5.12 kwa hid-playstation, padi ya Nintendo Switch Pro kuanzia 5.16 kwa hid-nintendo.

PS4 feki zinajulikana haraka huku kwenye kerneli za zamani: draiva inaiomba padi takwimu za usawazishaji wa jairoskopu (kihisi cha mwendo), feki haina jibu, draiva inaikataa. Kwenye Windows padi hiyohiyo huenda ikacheza, lakini kidirisha cha kugusa na mwendo vimekufa.

Fundi Pembeni

Mnaobadili betri za PS4: plagi ya CUH-ZCT1 na ya CUH-ZCT2 hazilingani, ya ZCT2 ni ndogo. Soma modeli nyuma ya padi kabla hujalipa. Asili ni 1000 mAh. Ukiona ya ukubwa uleule imeandikwa 3000, usiamini.

Mzee wa PES

Tukicheza wawili, nani anakuwa mchezaji wa kwanza?

Duara Pembetatu

Kwa DS4Windows, aliyeunganisha kwanza, mzee. Namba zimekaa pembeni ya kila padi kwenye dirisha lake. Zikipishana, zima zote mbili kwa kushikilia PS sekunde 10, funga gemu, washa kwa mpangilio mnaoutaka, ndipo ufungue gemu.