Majirani: povu mtaroni

Mama Pacha: Jamani, nani kaosha gari alfajiri? Povu limetambaa mtaroni mpaka mlangoni kwangu.

Fundi: Ni mimi mama, samahani. Ila ni sabuni tu. Chupa imeandikwa kabisa kwamba inaoza yenyewe.

Babu wa Kona: Inaoza ikipewa muda, mjukuu. Mtaroni haina muda, sasa hivi ishafika mtoni.

Fundi: Si maji ya mtaro yanapita kwanza kwenye mitambo ya kusafisha?

Babu wa Kona: Yanayopita huko ni ya chooni na jikoni. Mtaro huu wa mvua unamwaga mtoni hivihivi. Ipo miji yenye bomba moja kwa vyote, nayo mvua ikizidi linafurika, mto unapokea hadi ya chooni.

Dada wa Juu: Mungu wangu. Na mimi juzi nimesuuzia brashi za rangi hapohapo 🙈

Fundi: Rangi ya maji suuzia sinki la ndani, dada. Ya mafuta usimwage popote. Thina iache kwenye kopo itulie, rangi itazama chini, ile safi ya juu unaitumia tena.

Mama Pacha: Kumbe unajua! Na oili chafu ya gereji je?

Fundi: Naijaza kwenye dumu, anakuja anayekusanya. Ikimwagika namwagia maranda, nafagia. Sipigi maji hata siku moja. Gari nitaoshea kwenye nyasi, udongo uchuje.

Baba Pacha: Afadhali mimi nafagilia mtaroni majani tu. Hayo si takataka.

Mama Pacha: Baba Pacha!! Kumbe anayeziba mtaro ninalala naye nyumba moja 😂

Babu wa Kona: Hata yasipoziba, baba. Yakilowa yanatoa rutuba, ileile ya mbolea. Mwani unanawiri, ukifa bakteria wanauozesha, na hao ndio wanaomaliza oksijeni. Samaki wanakufa kwa kukosa pumzi ndani ya maji.

Baba Pacha: Duh. Hilo sikulijua.

Dada wa Juu: Wingu limeanza kutanda, mmeliona?

Babu wa Kona: Nimeliona. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi: vichungi vya sigara, vinyesi vya mbwa, oili ya barabarani, inazoa vyote kwa mkupuo.

Fundi: Basi tufagie leo jioni. Nina sepetu mbili. Nani ana toroli?

Baba Pacha: Ninalo. Ila limejaa majani.