Nyama ya kuoka kwa sandwichi ya moto inatoka ngumu, nifanyeje?

KijanaWaBombo
Habari zenu wapishi. Nipo Bombo, hapa Uganda, nina jiko dogo la gesi na sigiri, oveni sina. Nataka kuipata nyumbani ile sandwichi ya Wamarekani: nyama ya ng'ombe iliyookwa, ikakatwa nyembamba, ikapangwa juu ya mkate na kumwagiwa mchuzi mzito wa moto. Nanunua paja lisilo na mfupa, kilo moja na nusu, asubuhi na mapema, na jioni napika. Ladha inakuja vizuri. Tatizo ni kwamba ukiuma, kipande chote cha nyama kinavutika na kutoka, unabaki na mkate mtupu mkononi. Niongeze muda wa kupika au nibadilishe nyama? Nataka kuwapikia wazazi Idi, nisaidieni.

MamaMapishi_Walukuba
Waalaikum, mwanangu. Usiongeze muda. Paja halina mafuta wala mshipa mwingi wa kulainika, ukizidi kulipika linakauka tu.

Shida yako inaanzia bucha. Ng'ombe wetu anachinjwa usiku, asubuhi ananing'inia, jioni kaisha. Nyama ya siku hiyo bado imekaza, haijapata muda wa kulegea yenyewe. Huko Marekani na Uingereza nyama ya kuoka hukaa kwanza kwenye chumba cha baridi siku nyingi, hata wiki mbili au tatu, ndipo iuzwe. Sisi tunaipika kabla haijatulia halafu tunalaumu jiko.

Kwa hiyo nunua siku mbili tatu kabla. Ipanguse, ipake chumvi laini vijiko vitatu vya chai kwa hiyo kilo na nusu, na pilipili manga ya kutwanga, uiweke kwenye friji rafu ya chini ndani ya bakuli. Chumvi itatoa maji kwanza, kisha nyama itayanywa tena. Siku ya kupika itoe mapema kidogo, ikaushe kwa kitambaa, maana nyama yenye maji haishiki rangi.

Chukua sufuria nzito, mafuta kidogo, ikaange pande zote mpaka iwe kahawia kweli. Hapo usiwe na haraka, mchuzi wako wote unategemea kile kinachoganda chini ya sufuria. Toa nyama, panga vitunguu vilivyokatwa vinene, rudisha nyama juu yake, funika kwa mfuniko wa bati. Weka kwenye sigiri yenye moto mdogo na upalie makaa juu ya mfuniko, kama tunavyopalia mkate wa kumimina. Hiyo ndiyo oveni yako. Geuza mara moja tu.

Ukiweza kununua kipimajoto cha nyama, nunua. Wamarekani wanashauri kipande kizima cha ng'ombe kifike nyuzi joto 63 za Selsiasi katikati, kisha kipumzike angalau dakika tatu. Mimi naenda mpaka 68 hivi, kwa sababu ya minyoo ya tegu, na nanunua tu nyama yenye muhuri wa daktari wa mifugo. Ikiwa na wekundu wa mbali ndani ni sawa, damu mbichi sitaki.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifanyi: usiikate ikiwa moto. Iache ipoe, iingie friji ilale. Kesho yake itakuwa imeshikana, kisu kikali kitapita nacho utakata slesi nyembamba mpaka unaona kivuli cha kisu upande wa pili. Kata kukatisha nyuzi za nyama, usizifuate. Hizo nyuzi ndefu ndizo zinazokuvutia nyama yote nje ya mkate.

Mchuzi: kwenye ile sufuria tia vijiko vitatu vikubwa vya mafuta na vitatu vya unga wa ngano, koroga mpaka unukie kama karanga zilizokaangwa, kisha nusu lita ya supu ya mifupa kidogo kidogo huku unakwangua chini. Ukiwa mzito, ondoa motoni ndipo uzamishe slesi, dakika moja tu. Mchuzi ukichemka na nyama ndani, nyama inakaza tena.

MuuzaNyama_Mbarara
Mama kasema kweli. Wateja wangu wengi wakiona nyama imetoka kwenye baridi wanadhani imelala, wanaikataa, wanataka ile ya moto moto. Ndugu yangu, kabla hujaipaka chumvi angalia nyuzi zinaelekea wapi, ukate kona ndogo kwa kukatisha nyuzi iwe alama. Ikishakuwa kahawia huzioni tena, ile alama itakuelekeza kisu. Sarara ni laini zaidi lakini usiipoteze kwa sandwichi ya mchuzi, bei yake si ya kuchezea.

Msafiri_Entebbe
Nimeila kule kwao. Ile ya mchuzi mzito huliwa kwa uma na kisu: slesi za mkate mweupe, nyama, viazi vya kuponda pembeni au katikati, mchuzi juu ya vyote. Ya Chicago ni nyingine, mkate mrefu unachovywa kwenye supu nyepesi na kuongezwa pilipili za siki. Na Los Angeles migahawa miwili, yote ilifunguliwa 1908, kila mmoja ulidai ndio ulioanza kuchovya mkate. Kwa wazazi chagua ya kwanza, na viazi vya Kabale vinapondeka vizuri sana. Mkate usiwe wenye sukari, unaharibu mchuzi.

KijanaWaBombo
Asanteni sana. Mama, kwetu umeme unakatika hata usiku mzima. Nyama ya siku tatu naogopa.

MamaMapishi_Walukuba
Una haki ya kuogopa, usibahatishe na tumbo la wazazi. Basi achana na paja. Mwombe muuzaji bega au kidari, sehemu yenye mshipa na mafuta, upike siku hiyo hiyo. Kaanga vile vile, tia supu ifike nusu ya nyama, funika, moto mdogo kwa muda wa saa tatu mpaka nne. Ule mshipa unayeyuka na kuwa ute. Hapo huhitaji kisu, unaichana kwa uma mbili na kuirudisha kwenye mchuzi wake. Mkate upashe kwenye kikaango kikavu usilowe upesi, na kachumbari iwe kando, isiingie ndani. Ikibaki na umeme upo, iweke kwenye friji na uichemshe vizuri kabla ya kuila kesho asubuhi; umeme ukikatika usiku mzima, usiile tena.