Wakuu, kobalti inanitoa jasho Ujerumani. Nibaki na mada hii au nihame?

Kambale Mkavu: Wakuu habari za saa hizi. Niko mwaka wa 3 wa PhD. Natengeneza kobalti nitrosili: kobalti imekabwa pande tatu na ligandi, yaani molekuli inayoishika metali, ya umbo la koleo (inashika kwa fosforasi, nitrojeni, fosforasi), kisha napitisha ile gesi ya kahawia, NO (nitriki oksidi), ikae juu yake. Ni kichocheo (cha kuharakisha mmenyuko) cha kupachika pinakoliborani, kemikali yenye boroni, kwenye ketoni, kemikali za jamii ya asetoni. Nilipata zao la asilimia 93, nikapiga simu hadi nyumbani. Sasa chupa inageuka nyeusi, bango la mkutano linatakiwa wiki ijayo. Silali. Nihame mada?

Mama Kulwa: Pole mwanangu. Unakula lakini? Mdogo wangu alisomea Poland, alirudi suruali anaifunga kwa kamba. Sali, kula.

Mtu wa Kolwezi: Kobalti inachimbwa huku kwetu, vumbi tunavuta sisi, ninyi mnaenda kuisomea kwenye baridi. Unatumia kilo ngapi?

Kambale Mkavu: Miligramu 4 kaka.

Mtu wa Kolwezi: Miligramu 4 ndiyo zinakunyima usingizi?

Bomba la Gesi: Mstari wa NO kwenye kipimo cha mwanga wa infraredi uko wapi? Na hicho kichocheo unakiamsha na nini?

Kambale Mkavu: 1640 kwa sentimita, naona NO imekaa kwenye kobalti ikiwa imepinda. Naamsha kwa sodiamu trietiliborohidridi.

Bomba la Gesi: Bila kobalti ulipata ngapi?

Kambale Mkavu: Swali zuri mkuu, ila kinachonisumbua ni huu weusi.

Bomba la Gesi: Bila kobalti. Ngapi?

Kambale Mkavu: 88. Lakini nilipima mara moja tu, Ijumaa jioni, nimechoka. Na muhtasari wa mkutano nilishautuma, msimamizi kauona. Kwenye bango nitaandika "matokeo ya awali", si uongo huo.

Mwalimu Mstaafu: Ndivyo wizi unavyoanza, kijana. Sisi tulisoma kwa kibatari na hatukuiba hata chaki.

Bomba la Gesi: Neno "awali" halifuti 88. Hiyo sodiamu trietiliborohidridi peke yake inaweza kuvunja pinakoliborani ikazaa BH3 (borani), na BH3 ndiyo ikafanya kazi yote huku kobalti imekaa inatazama. Rudia ile isiyo na kobalti, safari hii weka TMEDA, kemikali ya kuinasa BH3, iikamate. Kazi ikisimama, umempata mhusika.

Mpima Chai: Ngojeni kwanza. Mkemia gani wa mwaka wa 3 anasema NO ni ya kahawia? NO haina rangi! Kahawia ni NO2 (nitrojeni dioksidi). Wakuu, tumenyweshwa chai, tena ya maziwa.

Mama Kulwa: Na mimi nimeshamwombea!

Kambale Mkavu: Si chai jamani. Kwenye mtungi haina rangi. Inakuwa kahawia ikishaingia kwenye mpira wa kupitishia gesi, kabla ya kufika kwenye chupa.

Bomba la Gesi: Kwenye MPIRA? Basi hewa inaingia. NO ikikutana na oksijeni ndiyo inageuka NO2, na ni sumu hiyo, funga mtungi. Chupa yako inakula NO2 na hewa, ndiyo maana sishangai inakuwa nyeusi. Mpira uliubadilisha lini?

Mpima Chai: Mimi bado nasema chai.

Kambale Mkavu: Niliurithi kwa aliyenitangulia. Ni huo huo tangu mwaka wa 1.