Baba mdogo kakutwa na TB na tunaishi naye, mtoto wangu yuko salama?

Mwana_Kigamboni: Wakuu, naomba ushauri. Baba mdogo alitoka machimboni Mererani akikohoa, akafikia kwangu. Tuna vyumba viwili tu, mimi, mke wangu na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Muda wote tulidhani ni vumbi la mgodi. Juzi kapimwa makohozi, ni TB, kaanza dawa. Sisi hatukohoi. Jirani anasema mtoto ana kovu la BCG, ile chanjo ya TB, begani, hana shida. Twende tukapime au tusubiri dalili? Na vyombo tumtengee?

Nesi_Zamu: Pole sana mkuu. Msisubiri, nendeni wote kliniki ya TB mkaseme mnaishi na mgonjwa wa TB ya mapafu. Ninayemhofia zaidi ni mtoto. Chini ya miaka 5 TB inaweza kupanda hadi kwenye ubongo haraka. BCG inapunguza sana hatari ya ile TB kali ya utotoni, lakini kuambukizwa anaweza. Tena huenda asikohoe kabisa: uzito hauongezeki, homa haziishi, kucheza hataki. Kohozi hawezi kulitoa, siku hizi hata kinyesi kinapimwa kwenye GeneXpert, mashine ya kupima TB. Wakiona hana ugonjwa, ataanzishiwa tiba kinga.

Babu_Kassim: Vyombo mtengeeni kabisa, kwetu ndivyo tulivyofanya.

Nesi_Zamu: Mzee wangu shikamoo, ila hapo nakataa. TB haipiti kwenye sahani wala kikombe, inapita hewani mgonjwa akikohoa. Ukimtengea sahani unamvunja moyo, na huyo ndiye anayekuja kuacha dawa. Fungueni madirisha, avae barakoa, alale chumba cha peke yake hizi wiki za mwanzo.

Binti_Ruvu: Mimi niliuguza dada. Picha ya kifua ikaja safi, nikapewa isoniazid, dawa ya tiba kinga, miezi 6. Miguu ikaanza kuchoma kama pilipili, nikaongezewa vitamini B6. Ulizieni mapema. Dawa za TB hospitali ya serikali ni bure.

Mwana_Kigamboni: Asanteni sana. Mke wangu ananyonyesha, aache? Na tukikutwa hatuna, ndiyo basi?

Nesi_Zamu: Anyonyeshe tu, maziwa hayaambukizi TB. Mkikutwa hamna leo bado mjiangalie, kwa sababu aliyeambukizwa huugua zaidi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Kikohozi kikifika wiki 2, au jasho la usiku, au nguo kuanza kupwaya, rudini. Baba mdogo asiache dawa akishapata nafuu, kwa kawaida ni miezi 6. Na amwambie daktari alikuwa mgodini, vumbi la mawe huharibu mapafu na kuipa TB nafasi. Huko machimboni alikuwa analala na nani? Nao wanatakiwa kupimwa.

Mwana_Kigamboni: Wako wengi chumba kimoja. Namba ya msimamizi wao ninayo, nampigia sasa hivi.