Mjadala: Darasa la katuni lianze na penseli au na vikaragosi?

Swali: Vituo vya vijana Dar vikifungua darasa la katuni, vianze na kuchora kwa mkono au na stopu mosheni, ile ya kusogeza kikaragosi kidogo kidogo na kukipiga picha? Vifaa: simu moja, laptopu moja, chumba chenye feni.

Kalamu Nyeusi: Penseli. Sekunde moja ya filamu ni fremu, yaani picha, 24, ila mchoro mmoja hukaa fremu mbili, basi ni michoro 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika. Rimu mbili zinatosha na karatasi za kuharibu zinabaki. Mchoro wa 40 ukiharibika, unachorwa huo tu. Kikaragosi kikianguka kwenye picha ya 40, hakuna atakayekirudisha palepale.

Mfinyanzi: 720 ni za mhusika mmoja! Weka wawili wanaopishana uone. Na mwanafunzi ambaye mkono haujakomaa, kichwa cha mhusika wake huvimba na kunywea kila mchoro. Kikaragosi hakibadiliki umbo. Kwa mifupa yake sokota nyuzi mbili za waya wa alumini wa milimita 1.5, tia nati kwenye unyayo, toboa meza ya plaiwudi, kaza bolti kutoka chini. Hakianguki ng'o. Kinachokatika ni waya wa kifundo cha mguu, kwa kukunjwa mno pahali pamoja, kwa hiyo miguu itengenezwe ya kubadilishika.

Kalamu Nyeusi: Na joto la Februari? Plastisini, ule udongo laini wa kufinyangia vikaragosi, inalegea, mkono ulioinuliwa unashuka wenyewe kati ya picha na picha. Mkiwasha feni, nguo za kikaragosi zinatikisika. Mkizima, mnaoga jasho.

Taa Moja: Mnagombania udongo na karatasi wakati kinachoharibu kazi za wanaoanza ni mwanga, na kinawahusu nyote, maana hata michoro itapigwa picha kwa simu ileile. Ziba dirisha kabisa. Wingu likipita juu ya jua, filamu inapepesa. Funga mwangaza, fokasi na rangi kwenye programu ya kamera, usiiachie simu ijiamulie. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde na shata ya haraka, yaani kamera kufunguka kwa muda mfupi mno, huleta mistari. Weka 1/50 ya sekunde au taratibu zaidi. Kikaragosi hakikimbii, hata 1/10 inafaa simu ikiwa imefungwa kwenye stendi. Anayesogeza avae nguo nyeusi: shati jeupe linarudisha mwanga mezani.

Kwa wachoraji: puncha ya kawaida ya ofisini hutoboa matundu mawili yenye umbali wa milimita 80. Gandisha vijiti viwili vya milimita 6 ubaoni kwa kipimo hicho, kila karatasi ivishwe hapo. Bila hivyo picha nzima inatetemeka, mkaja kumlaumu mchoraji.

Mkasi: Mbona hamtaji kukata? Lotte Reiniger, Mjerumani, alitoa filamu ndefu ya vivuli vya karatasi mwaka 1926. Chora mhusika mara moja kwenye manila, kata viungo, unganisha kwa uzi wenye fundo pande zote mbili, laza juu ya meza, kamera itazame chini. Haanguki, hayeyuki. Kioo juu yake kinazuia feni, ila taa zikae ubavuni, kwa pembe ya kama digrii 45, la sivyo zitaonekana kwenye kioo. Ubaya wake: hageuki. Akitazama mbele unahitaji mwili mwingine, na akitembea miguu huteleza kama yuko kwenye sabuni.

Mfinyanzi: Unasogeza, unapiga, unasogeza. Hiyo ni stopu mosheni, karibu kwetu.

Kalamu Nyeusi: Na huo mwili wa pili atauchora nani? Wiki ya kwanza iwe mpira unaodunda, michoro 12: iliyobanana juu, iliyoachana karibu na sakafu. Asiyeipata nafasi hiyo kati ya mpira na mpira kwenye karatasi hataipata kwenye waya.

Mfinyanzi: Mpira huohuo ukatwe kwenye manila, usogezwe kwa rula. Dakika ishirini, na penseli haijaguswa.