Mjadala: Shimo kwanza au kibali kwanza?

Kijana wa Ikolomani
Wanajamvi, juzi askari walifika kwenye shimo letu la dhahabu wakabeba winchi, pampu ya kuvuta maji na vijana wanne. Kosa letu ni kuchimba bila kibali. Ombi langu nililiwasilisha mwaka jana, na nimezungushwa na ofisi moja mara nne, kila nikienda naambiwa kuna karatasi nyingine imepungua. Sasa naomba tujadili: mchimbaji mdogo akae mikono mitupu hadi kibali kitoke, au ombi likishapokelewa aruhusiwe kuendelea na kazi? Watoto hawali stakabadhi.

Karani Mstaafu, Nakuru
Pole kwa vijana. Lakini Sheria ya Madini ya 2016 haijaacha mwanya hapo. Madini ni mali ya umma, Katiba kifungu cha 62 kimesema, hata yakiwa chini ya kitanda chako. Kibali cha mchimbaji wa mikono hupewa Mkenya aliyetimiza miaka 18, na hakizidi miaka 3. Ukipanda daraja la wachimbaji wadogo, kibali hakizidi miaka 5, na mambo ya mazingira lazima yapite NEMA, mamlaka ya mazingira. Shamba likiwa la mtu, unahitaji idhini yake. Stakabadhi ya ombi si kibali, kama vile kuposa si kuoa.

Mulamwa wa Shinyalu
Karani, hayo ya kuposa waambie wa Nakuru wenzako. Sisi tunajua sheria za madini zinavyogeuka. Babu zetu waliambiwa mwaka 1930 kwamba ardhi ya akiba, ile waliyotengewa Waafrika, ni yao milele. Dhahabu ikaonekana Kakamega mwaka 1931, na 1932 sheria ile ile ikarekebishwa wazungu wapate kuchimba bila kutupa ardhi nyingine badala yake. Wazungu wa mgodi wa Rosterman wakachimba hadi 1952, wakafunga, wakaacha mashimo. Leo mjukuu akiingia shimo hilo hilo na tochi anaitwa mwizi!

Karani Mstaafu, Nakuru
Sikumwita mtu mwizi. Soma tena.

Mulamwa wa Shinyalu
Nimesoma. Na kibali kinatolewa na kaunti, kaunti ni yetu, kwa hiyo tatizo ni gavana tu.

Karani Mstaafu, Nakuru
Hapana, ndugu yangu. Ofisi iko kaunti lakini ni ya serikali kuu. Kibali hutolewa na mwakilishi wa Mkurugenzi wa Migodi, kamati ya wachimbaji wa mikono ikishapendekeza. Hata mrabaha, yaani ada inayolipwa kwa madini yaliyochimbwa, umegawanywa hivyo: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii.

Baba Pacha, Siaya
Mnazunguka mbuyu. Vibali vinachelewa kwa sababu siku hizi kila mtu ni mchimbaji. Hata akina mama wa kuponda mawe nao wanataka majina yao kwenye orodha. Kibali ni cha anayeteremka. Mama aponde, alipwe karai lake, mambo ya kibali awaachie wenye kamba kiunoni. Na tusidanganyane, mwanamke akikaribia mdomo wa shimo dhahabu inakimbia. Wazee hawakuwa wajinga.

Nyar Nyatike
Baba Pacha, nimesoma maneno yako nikaweka simu chini, nikanywa maji, nikarudi.

Nimeponda mawe miaka kumi na moja. Asubuhi nakaa na nyundo, mguu mmoja huku na mwingine kule, nimefunga raba ya tairi kwenye jiwe lisiruke. Likiwa unga tunaliosha, kisha tunaweka zebaki kwenye karai ishike dhahabu, na kukoroga kwa mkono huu ninaoandikia, sina glavu. Halafu nakamua kwa kitambaa hadi kibaki kidonge kama mbegu ya papai, cheupe. Kidonge hicho nakichoma kwenye kijiko juu ya jiko la makaa hadi kigeuke njano. Moshi wake hauna harufu. Mtoto wangu wa pili alikuwa mgongoni siku zote hizo.

Sasa niambie, kati yangu na wewe mwenye kamba, nani yumo ndani ya uchimbaji?

Baba Pacha, Siaya
Mama, sijakutukana. Nimesema desturi.

Nyar Nyatike
Desturi ilikuwa wapi mlipotukabidhi zebaki?

Dada wa Kondele
Hapo umenena, Nyar Nyatike. Na huo moshi usio na harufu ndio mbaya zaidi. Mvuke wa zebaki huingia mapafuni ukafika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Kinachobaki kwenye maji ya kuoshea huishia mtoni, kisha ziwani, kisha kwenye samaki. Mimi nakula samaki hao Kisumu. Kuna vyombo vya kuchomea vinavyofunikwa, mvuke ukanaswa ukarudi kuwa zebaki. Ulizeni chama chenu cha wachimbaji.

Mpita Njia
Jirani zetu Tanzania walishamaliza haya. Leseni ya mchimbaji mdogo ni ya raia, miaka 7, na tangu 2019 wana masoko ya madini, Geita ikiwemo. Mtu anaingia na mzigo wake, unapimwa hadharani. Kwetu broka anakuja na mzani wa betri mfukoni, anapima yeye, anasoma yeye, anahesabu pesa yeye.

Mulamwa wa Shinyalu
Hapo kwa broka nakubali kabisa.

Kijana wa Ikolomani
Jamani, swali langu? Vijana wangu bado wako ndani.

Baba Pacha, Siaya
Kijana, hebu nikwambie kitu nje ya mabishano. Mimi nilikuwa Bondo mwaka 2021 shimo la Abimbo lilipoporomoka. Tulikaa pale juu siku baada ya siku, familia zimekaa chini kwenye vumbi, kila mmoja akitaja jina la mtu wake. Kwa hiyo nikisema kibali ni cha anayeteremka, namaanisha kwamba akifukiwa ijulikane ni nani, ametoka kwa nani. Sikumaanisha kumdharau mama wa mtu.

Nyar Nyatike
Pole sana kwa hilo, Baba Pacha. Mungu awalaze pema. Lakini umesema mwenyewe: ijulikane ni nani. Sisi hatujulikani. Chama chetu kilipoandikishwa, daftari liliwekwa juu ya jiwe karibu na mdomo wa shimo, na kwa desturi yako hiyo sisi hatusogei pale. Wakaandikwa wanaume ishirini na watatu. Wanawake tuko zaidi ya arobaini kwenye mawe na mchanga. Kibali kikija kitakuja kwa jina la chama, na katika chama hicho mimi si mtu.

Karani Mstaafu, Nakuru
Mama, hili lako limenishika kuliko swali la kwanza. Sheria haijasema mchimbaji ni anayeteremka. Imesema Mkenya, na umri. Kuosha na kusafisha madini ni sehemu ya kazi hiyo. Na katika ile kamati ya kaunti kuna viti vitatu vya watu waliochaguliwa na vyama vya wachimbaji wenyewe. Usipokuwa kwenye daftari la chama, hupigi kura ya viti hivyo wala hugombei. Daftari likiandikwa vibaya, kila karatasi inayofuata imeandikwa vibaya.

Dada wa Kondele
Kwa hiyo afanyeje?

Karani Mstaafu, Nakuru
Wanachama waitishe mkutano, majina yaongezwe, yaingie kwenye kumbukumbu za mkutano na kutiwa sahihi, kisha nakala ipelekwe kwa afisa wa ushirika. Nakala za vitambulisho ziambatane. Msisubiri kibali kitoke ndipo mrekebishe.

Mulamwa wa Shinyalu
Na wanaume wakikataa kuitisha mkutano?

Baba Pacha, Siaya
Kwa chama chetu sisi nitauitisha mimi, mimi ni katibu. Sisemi mwanamke ateremke, hilo bado sijalikubali na msinilazimishe. Lakini jina aandikwe.

Nyar Nyatike
Sijaomba kuteremka. Nimeomba kuandikwa.

Kijana wa Ikolomani
Nimesoma yote. Leo nimefungua daftari letu nikahesabu. Mwanamke ni mmoja, na ameandikwa "mpishi". Mama yangu mwenyewe anaosha mchanga pale tangu nikiwa darasa la tatu, na hayumo. Mimi ndiye niliyeandika hilo daftari.

Karani, ombi langu likiwa tayari ofisini, naweza kuongeza majina, au nianze upya?

Karani Mstaafu, Nakuru
Nenda na barua ya chama na orodha mpya, na majina yote yawe na namba za vitambulisho. Gonga muhuri nakala yako pia, ubaki nayo. Na hao vijana wanne, wamepata wakili?

Kijana wa Ikolomani
Bado. Tunachanga.

Nyar Nyatike
Weka namba ya mchango hapa.