Naomba ushauri: mtoto ananakili Methali vizuri, lakini insha yake mwenyewe inamshinda

Wazazi wenzangu wapendwa, Bwana asifiwe. Tuko Nakuru na watoto wetu tunawafundisha nyumbani. Kila asubuhi baada ya maombi tunasoma sura moja ya Methali, kwa kuwa zipo 31 na zinatosha mwezi mzima, kisha kifungua mimba wetu wa miaka tisa hunakili mistari miwili daftarini. Mwandiko wake ni safi, hata nukta-mkato haimpiti. Lakini nikimwomba aandike insha yake, tuseme kuhusu heroe aliowaona Ziwa Nakuru, huandika "Mwanangu", jinsi sura kadhaa za Methali zianzavyo, kisha hubaki akitafuna penseli.

Nimejaribu kumwacha asimulie kwa mdomo nami niandike, na hapo husimulia bila kukwama; shida hurudi akishika penseli mwenyewe. Baba yake angependa tusimamishe kunakili kwa muda, ila mimi nachelea kuvunja zoea la Neno (na mwandiko pia, kusema kweli).

Je, mliopitia hali hii, mlipunguza kunakili, au mlimpa mtoto anakili masimulizi yake mwenyewe? Na je, yawezekana lugha ya Biblia ya Union Version ya 1952 inamtisha, akidhani Kiswahili chake cha kila siku hakifai kuandikwa?